Stone: Sinema Iliyotunzwa na Waliodharauliwa

Mwaka wa 1998 barabara kuu itokayo Sydney kwenda Newcastle, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, ilijaa pikipiki. Wapandaji wake walipita 30,000. Walikuwamo wazee wenye mvi, na vijana ambao katika miaka inayosimuliwa hapa walikuwa hawajazaliwa. Msafara ulikuwa wa mazishi, lakini maiti hakuwapo. Watu wale walikuwa wakirudia safari ya mazishi iliyopigwa picha miaka 25 nyuma kwa ajili ya sinema moja, na marehemu aliyezikwa katika sinema hiyo hakupata kuishi duniani ila katika mawazo ya waliomtunga.

Sinema yenyewe yaitwa Stone, yaani Jiwe. Ilipotolewa mwaka wa 1974 wahakiki wengi wa magazeti ya Australia waliikaripia. Walisema hadithi yake imekatikakatika, mazungumzo yake ni mazito kama magogo, uigizaji wake hauna kipimo, na maadili yake ni ya kutisha. Kwa hukumu kama ile, sinema ya gharama ndogo, ya mwongozaji asiyepata kuongoza sinema kubwa kabla yake, ilistahili kusahauliwa kabla mwaka haujaisha.

Historia ya sanaa imejaa kazi zilizotukanwa zilipozaliwa, zikatukuzwa baadaye. Aghalabu kisa chake ni kimoja: wataalamu wa kizazi cha pili hugundua uzuri uliowapita wataalamu wa kizazi cha kwanza, na aibu huwarudia wale waliotangulia kusema. Kisa cha Stone hakikwenda hivyo. Makosa yaliyoonwa na wahakiki mwaka wa 1974 yangali yapo, na mtu yeyote mwenye macho huweza kuyaona leo. Walioitunza sinema hii si wataalamu. Ni watu wale wale ambao habari zake ziliwahusu, na ambao kwa kawaida hawaulizwi maoni yao juu ya sanaa. Kwa hiyo hapana haja ya kuuliza kama wahakiki walikosa. Lililo na haja ni kuuliza wapanda pikipiki waliona nini ambacho kalamu za magazeti hazikukiandika.

Jambo hili halielezeki bila ya kurudi nyuma kidogo. Australia ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kutengeneza sinema ndefu. Mwaka wa 1906 ilitolewa The Story of the Kelly Gang, iliyochukua zaidi ya saa moja, na ambayo huhesabiwa kuwa sinema ya kwanza ya hadithi yenye urefu huo duniani. Ilisimulia habari za Ned Kelly, mnyang'anyi aliyenyongwa Melbourne mwaka wa 1880, ambaye serikali ilimhesabu muuaji na maskini wengi wakamhesabu shujaa. Sinema za wanyang'anyi wa porini zilipendwa kupita kiasi, hata mwaka wa 1912 watawala wa New South Wales wakazipiga marufuku, kwa kuwa ziliwadhihaki polisi na kumpamba mhalifu. Hivyo, tangu mwanzo kabisa, sinema ya nchi ile iliwagawa watu katika pande mbili: upande wa mwenye sheria na upande wa mwenye farasi. Mwenye pikipiki alikuja kurithi kiti cha mwenye farasi.

Baada ya hapo sinema za Marekani na Uingereza zilifurika katika majumba ya Australia, na utengenezaji wa nyumbani ukadhoofu. Katika miaka ya 1950 na 1960 sinema za wenyeji zilikuwa chache sana. Mwaka wa 1970, chini ya serikali ya John Gorton, liliundwa shirika la serikali la kukopesha na kuwekeza fedha katika sinema za nchi. Na mwaka wa 1971 wakaguzi wa sinema walianzisha daraja jipya la sinema za watu wazima tu, ambayo iliruhusu mengi yaliyokuwa yakikatwa zamani. Matunda ya mwanzo ya uhuru huo hayakuwafurahisha waungwana. The Adventures of Barry McKenzie ya mwaka wa 1972 na Alvin Purple ya mwaka wa 1973 zilikuwa sinema za mzaha wa chumbani na ulevi. Umati ulizijaza sinema, na wahakiki wakainamisha vichwa kwa haya. Hofu yao haikuwa ya bure. Fedha za umma zilikuwa zimetolewa ili taifa lijitazame katika kioo, na uso uliotokea katika kioo hawakuupenda.

Katika hali hiyo alitokea Sandy Harbutt. Alikuwa mwigizaji, na Stone ndiyo iliyokuwa sinema yake ya kwanza kuiongoza. Aliitunga pamoja na Michael Robinson, akaitengeneza, akaiongoza, na juu ya hayo akaigiza ndani yake mmoja wa watu wakubwa wa hadithi. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika lile shirika la serikali, na gharama yote haikufika dola 200,000 za Australia. Kwa fedha hizo ndogo alipata pikipiki mpya za Kawasaki kutoka Japani, zenye nguvu na mwendo ambao wakati ule ulikuwa ni ajabu barabarani. Akapata ngome kuukuu ya kijeshi huko Middle Head, penye mdomo wa bandari ya Sydney, kuwa makao ya kundi lake. Na, jambo lililo kubwa kuliko yote, akapata imani ya wapanda pikipiki wa kweli.

Sinema za pikipiki hazikuwa ngeni. Marekani ilikuwa imekwisha kuzitoa kwa wingi. The Wild One ya mwaka wa 1953, iliyoigizwa na Marlon Brando, iliwatisha wakaguzi wa Uingereza hata wakaikataa mwaka wa 1954, nayo haikupewa kibali huko mpaka mwaka wa 1967. The Wild Angels ya Roger Corman ilitoka mwaka wa 1966 ikaleta faida kubwa na waigaji wengi. Na Easy Rider ya mwaka wa 1969 ikaitangaza safari ya pikipiki ulimwengu mzima. Kufika mwaka wa 1974 Wamarekani wenyewe walikuwa wameanza kuchoka nazo. Mhakiki wa Sydney aliyeingia kuitazama Stone aliweza kwa haki kabisa kudhani kwamba amekuja kutazama nguo kuukuu zilizovaliwa na wengine, zikafuliwa, na kuuzwa upya.

Hadithi ni hii. Katika Domain, uwanja wa Sydney ambako kwa muda mrefu wasemaji wamezoea kusimama na kuhutubia wapitao, mtu mmoja mtetezi wa mazingira anapigwa risasi na muuaji aliyejificha. Mmoja wa kundi la wapanda pikipiki, akili yake imeruka kwa dawa za kulevya, anamwona muuaji bila ya kufahamu anachokiona. Kundi hilo hujiita Gravediggers, yaani Wachimba Kaburi. Tangu siku ile wanauawa mmoja mmoja: mwenzao mmoja anavuka na pikipiki yake ukingo wa jabali na kutumbukia baharini; mwingine anakatwa kichwa kwa waya uliotegwa barabarani. Polisi wanamtuma mpelelezi kijana aitwaye Stone, aliyeigizwa na Ken Shorter, akakae na kundi hilo na kupanda pikipiki pamoja nalo mpaka muuaji apatikane. Hajifichi, Wachimba Kaburi wanajua tangu mwanzo kuwa yeye ni polisi, wanamkataa, wanamjaribu, na mwishowe wanamkubali kwa shingo upande.

Wahakiki walisema habari ya muuaji na waliomtuma ni dhaifu, na walisema kweli. Hadithi inamsahau kwa muda mrefu, kisha inamkumbuka kwa haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Mtazamaji afuataye upelelezi atatoka na njaa. Walakini ipo sehemu moja ya upelelezi huo ambayo wakati uliipa uzito usiotazamiwa. Tangu mwaka wa 1971, walipoanza kina mama wa mtaa wa Hunters Hill kuutetea msitu mdogo wa Kelly's Bush, wajenzi wa Sydney na chama chao walikuwa wakikataa kufanya kazi mahali ambapo nyumba za kale au miti ya umma ingebomolewa. Fedha nyingi za wenye viwanja zilisimama kwa sababu ya ukaidi huo. Mtu kuuawa kwa kutetea mazingira kulionekana mwaka wa 1974 kuwa ni uzushi wa sinema. Mwezi wa Julai mwaka wa 1975 mwandishi Juanita Nielsen, aliyekuwa akipinga kubomolewa kwa nyumba za mtaa wake hapo hapo Sydney, alitoweka, na mwili wake haukupatikana.

Lakini hapo sipo moyo wa sinema ulipo. Moyo wake upo katika mazishi.

Mchimba Kaburi anapouawa, wenzake hawamwachii serikali wala kanisa. Wanamsindikiza wenyewe, na barabara inajaa pikipiki zilizopangwa safu kwa safu. Kwa kupiga picha ile Harbutt aliwaalika wapanda pikipiki wa kweli, wakaja wapatao 400. Hawa hawakuwa waigizaji, na hapana aliyewafundisha jinsi ya kukaa juu ya pikipiki au jinsi ya kumfuata aliye mbele. Wanaonekana wakipita na kupita, na kamera inawatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajiwa na hadithi. Mtu akihesabu kwa kipimo cha hadithi tu, sehemu hii imezidi, na mhariri mkali angeikata nusu. Mtu akitazama nyuso, ataona kwamba watu wale hawaigizi huzuni. Wanafanya jambo wanalolijua, kwa namna wanayoijua, na kwa mara ya kwanza chombo kikubwa cha taifa kimesimama kando ya njia kikawaacha wapite.

Penye kaburi jeneza linashushwa kwa wima, ili marehemu azikwe akiwa amesimama. Ibada yenyewe ni ya kejeli dhidi ya dini, tena ya kitoto kwa namna fulani, na iliwaudhi wengi. Lakini wazo la mtu kukataa kulala hata akiwa maiti si la kitoto. Ni wazo la mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiamriwa kuinama, na aliyebakiwa na neno moja tu la kusema, akaona heri alisemee ardhini.

Katika Kiswahili watu fulani huitwa watu wa kuzikana. Neno hili lapita urafiki na lapita hata undugu wa damu, maana marafiki huweza kula na kucheka pamoja wasizikane, na ndugu huweza kutengana mpaka mmoja akazikwa na majirani. Kuzikana ni ahadi ya mwisho, na hailipwi na aliyeahidiwa. Wachimba Kaburi walichagua jina lao kwa kutaka kutisha, lakini sinema ikalichukua jina hilo kwa maana yake halisi: hawa ni watu ambao mtu wa mwisho kuwachimbia kaburi ni mwenzao, kwa sababu hapana mwingine. Hapo ndipo walipokamatwa maelfu ya watu ambao wahakiki waliwadhani wamekamatwa na ngumi, pombe na mwendo wa kasi. Ngumi na mwendo wa kasi zilikuwamo katika sinema nyingi za Marekani, nazo zimesahauliwa zikiwa na ngumi zao zote.

Kuna sababu nyingine, nayo ilikuwa nyeti zaidi. Baadhi ya Wachimba Kaburi, pamoja na kiongozi wao Undertaker aliyeigizwa na Harbutt mwenyewe, wanatajwa kuwa askari waliorudi kutoka Vietnam. Australia ilipeleka huko watu wapatao 60,000 kati ya mwaka wa 1962 na mwaka wa 1973, na wapatao 500 hawakurudi. Kuanzia mwaka wa 1965 vijana wa miaka 20 walichaguliwa kwa kura ya tarehe zao za kuzaliwa: tarehe iliyotoka ilimpeleka mtu jeshini, na tarehe ya siku iliyofuata ilimwacha kazini kwake. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1972 serikali mpya ya Gough Whitlam iliondoa mpango huo. Vita ilikuwa imechukiwa, na chuki ile iliwaangukia pia waliopelekwa kupigana bila ya kuulizwa. Wengi walirudi kimya kimya. Gwaride la taifa la kuwakaribisha nyumbani halikufanywa mpaka tarehe 3 Oktoba mwaka wa 1987, huko Sydney.

Kwa hiyo mwaka wa 1974 askari wale walikuwa na miaka 13 zaidi ya kungoja. Sinema nyingi za nchi yao hazikuwa zimewatazama. Stone iliwatazama, si kwa hotuba, bali kwa kuwaweka ndani ya ngome iliyoachwa na jeshi, wamekaa kwa utaratibu nusu wa kambi na nusu wa familia, wenye cheo, amri na zamu. Sinema yenyewe haielezi sana jambo hili. Inalitaja na kupita, kana kwamba aliye nalo atalifahamu na asiye nalo hana haja nalo. Wahakiki waliulaumu ukimya huo kuwa ni upungufu wa utunzi. Huenda ni upungufu. Lakini msafara ule wa pikipiki 400, uendao taratibu nyuma ya mtu aliyekufa, ulikuwa gwaride la aina fulani, na lilitangulia lile la serikali kwa muda mrefu.

Si haki kuwageuza wahakiki kuwa wapumbavu wa hadithi. Walikuwa na mzigo wao. Nchi yao ilikuwa ikijaribu kuwa na sanaa ya sinema baada ya miaka mingi ya ukame, na kila kazi mbaya ilihesabiwa kuwa hoja mikononi mwa wale waliotaka fedha ziondolewe. Walitaka kazi ya kuonyesha wageni bila ya kuona haya. Mwaka mmoja tu baadaye waliipata: Picnic at Hanging Rock ya Peter Weir, iliyotoka mwaka wa 1975, yenye wasichana wa shule katika nguo nyeupe, jua la mchana na fumbo lisilofumbuliwa. Ilisifiwa ndani na nje ya nchi. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Helen Morse, aliyekuwa mke wa Harbutt, aliigiza katika sinema zote mbili: katika Stone ni Amanda, mchumba tajiri wa mpelelezi, na katika Picnic at Hanging Rock ni mwalimu Mfaransa mwenye upole. Mwanamke mmoja aliingia kwa mlango wa jikoni mwaka wa 1974, akaingia kwa mlango wa sebuleni mwaka wa 1975, nyumba ikiwa ni ile ile.

Lawama moja ya wahakiki haina jibu. Wanawake wa Wachimba Kaburi wamo katika sinema kama mizigo iliyofungwa nyuma ya pikipiki. Wanachekwa, wanavuliwa nguo, wanagawiwa, na hakuna hata mmoja anayepewa neno lenye uzito juu ya maisha anayoishi au watu anaowazika. Inaweza kusemwa kwamba ndivyo makundi yale yalivyokuwa, na kwamba kioo hakilaumiwi. Lakini mtunzi aliyeweza kusimamisha kamera ili kutazama nyuso za wanaume 400 angaliweza kuisimamisha kidogo kwa ajili ya mmoja wa wanawake. Hakufanya hivyo. Waipendao sinema hii, wakiwa waaminifu, hulikubali doa hilo bila ya kulifunika.

Doa la pili ni la maisha yenyewe. Tarehe 2 Septemba mwaka wa 1984, siku ambayo Waaustralia huwakumbuka baba zao, makundi mawili ya pikipiki, Comanchero na Bandidos, yalipambana kwa bunduki katika uwanja wa magari wa kilabu cha pombe huko Milperra, upande wa kusini-magharibi wa Sydney. Walikufa watu 7: wapanda pikipiki 6, na msichana wa miaka 14 asiyekuwa na sehemu katika ugomvi wao. Baada ya siku ile haikuwezekana tena kuzungumza juu ya udugu wa barabarani kana kwamba ni wimbo tu. Udugu ule ule unaomzika mtu vizuri ulikuwa pia ndio uliompeleka kaburini, na pamoja naye mtoto wa watu. Stone ilikuwa imeliona jambo hili kwa jicho moja: Wachimba Kaburi wanapigana na kundi jingine, wanaumizana, na sinema inafurahia mapigano hayo kuliko inavyoyafikiri. Uzito wa kifo imeuweka wote upande wa kafara aliye wetu. Aliyeumizwa na wetu hana mazishi katika sinema hii.

Pamoja na hayo yote umati ulikuja. Fedha zilizoingia zilizidi gharama mara nyingi. Sinema ilionyeshwa mijini, ikaonyeshwa katika viwanja vile ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao, ikarudishwa usiku wa manane kwa wale waliokwisha kuitazama, na zilipofika kanda za video ikaingia majumbani. Ilipita mkononi kwa mkono, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama kinavyopita kitu cha ukoo kisicho na bei sokoni.

Athari yake katika sinema iliyofuata ni dhahiri zaidi kuliko sifa yake. Mwaka wa 1979 George Miller alipotoa Mad Max, sinema iliyopita dunia nzima, waigizaji kadhaa wa Stone walikuwamo. Hugh Keays-Byrne, yule mwenye kumwona muuaji katika Domain, alikuwa ndiye mkuu wa kundi baya la pikipiki. Vincent Gil na Roger Ward nao walipata nafasi zao. Mad Max nayo ilishambuliwa vikali na baadhi ya wahakiki wa nyumbani, kisha ikatajirika. Keays-Byrne alirudi kwa Miller mwaka wa 2015 katika Mad Max: Fury Road, akiwa mzee, amefunikwa uso, mfalme wa jangwa. Mwaka wa 2008 sinema ya habari ya Mark Hartley, Not Quite Hollywood, ilizikusanya sinema zote za Australia zilizodharauliwa katika miaka ile, Stone ikiwamo, na Quentin Tarantino wa Marekani akawa miongoni mwa walioziongelea kwa shauku. Ndipo wasomi nao walipoanza kufika kwa wingi. Walikuta kiti kimekaliwa.

Harbutt hakuongoza tena sinema ndefu nyingine. Hili ndilo jambo la kuhuzunisha katika kisa chote, na haliondolewi na pikipiki 30,000. Sinema yake ilikuwa imerudisha fedha, jambo ambalo nyingi zilizosifiwa hazikuliweza. Hata hivyo njia haikumfungukia. Mpanda pikipiki aliweza kumpa heshima, aliweza kuchora jina la sinema yake juu ya ngozi ya mkono wake, lakini hakuwa na hazina ya kumpa fedha za kutengenezea ya pili. Mwenye kalamu ya gazeti na mwenye meza ya ofisi hawakuweza kuizuia Stone isipendwe. Waliweza tu kuhakikisha kwamba haizai.

Msafara wa mwaka wa 1998 ulipigwa picha, ukatiwa katika sinema ya habari iliyoitwa Stone Forever, iliyotolewa mwaka wa 1999. Kwa kutazamwa leo, picha zile zina jambo lisiloonekana na waliokuwapo. Mwaka wa 2013 jimbo la Queensland, kaskazini mwa New South Wales, lilitunga sheria kali juu ya makundi ya pikipiki, ambayo kwayo ilikuwa kosa kwa watu 3 wa makundi yaliyotajwa kukutana hadharani. Sheria zile zilifutwa mwaka wa 2016 na nyingine zikawekwa mahali pake, lakini upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Harbutt alifariki dunia mwaka wa 2020, na Keays-Byrne akafariki mwaka ule ule.

Imebaki kusema juu ya mwisho wa sinema, ambao baadhi ya waliouona mara ya kwanza hawakuuelewa. Wachimba Kaburi wanampata muuaji wa wenzao na wanataka kumhukumu wenyewe. Stone, aliyekula nao, aliyelala ngomeni mwao na kupigana upande wao, anakumbuka kazi yake. Anawazuia kwa bastola. Sheria imeshinda, na katika sinema ya kawaida pazia lingeshuka hapo. Lakini Wachimba Kaburi wanamfuata mpaka nyumbani kwa mchumba wake, mahali pa zulia na vioo visafi, na wanampiga kwa zamu mpaka anaanguka. Hawamuui. Wanaondoka. Amanda anakimbilia simu ili awaite polisi, na Stone, akiwa chini, damu inamtoka, anamkataza.

Sinema inakwisha kabla simu haijarudishwa mahali pake.